Kidude Kisicho na Faida

Mwanamume wa Mbeya aliyevuka miaka arobaini ameruhusiwa starehe nne tu, na sijui zilipitishwa kwenye kikao gani. Bia anaruhusiwa. Kubishana kuhusu Simba na Yanga mpaka mishipa ya shingo imsimame, anaruhusiwa. Drafti kijiweni pia, mradi apige kete kwa kishindo cha kuamsha wagonjwa. Na siku hizi kubeti nako kumehalalishwa, hata kwa wazee wa kanisa, ilimradi mkeka ujazwe kimyakimya. Lakini kukaa kwenye kochi lako, ndani ya nyumba unayoilipia kodi mwenyewe, umeshika kidude cha vitufe unamsaidia fundi bomba mwenye masharubu aruke shimo, hilo halimo. Ukikutwa, hakuna anayekufokea. Wanakuonea huruma. Mmoja aliniuliza kwa upole kama kazini ni kwema.

Kazini ni kwema. Nacheza gemu.

Kidude chenyewe kinaitwa R36S, jina lisilo na mvuto wowote, na afadhali hivyo, maana vyenye majina mazuri vina bei nzuri pia. Kinatoka China. Kina skrini ya inchi 3.5, vijiti viwili vya kuelekezea, matundu mawili ya kadi, na vitufe vya kutosha kumvuruga shemeji yangu. Ndani kuna kompyuta kamili: chipu ya Rockchip RK3326 yenye viini vinne, kumbukumbu ya gigabaiti 1, na mfumo wa Linux, wa ukoo ule ule unaoendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti duniani. Kwa wataalamu wa leo chipu hiyo ni mstaafu. Kwa gemu la mwaka 1985 ni kijana mwenye mbavu zake. Na haya yote unayapata kwa bei ambayo dukani hupewi hata simu janja ya maana.

Kukinunua ndio mtihani. Kilipotoka, kidude hiki chenyewe kilikuwa kimeunganishwa kwa umbo na matumbo ya vidude vya watu wengine waliotangulia. Kilipopendwa, nacho kikaigwa. Kwa hiyo leo sokoni kuna feki, na kuna feki ya feki, na zote zimevaa ganda moja na boksi moja. Nilimuuliza kijana mmoja muuza vifaa vya simu, maeneo ya Mwanjelwa.

"Hii ni orijino?"

"Orijino kabisa, mzee wangu. Orijino kopi."

"Kopi ya nini sasa?"

"Ya ile kopi nzuri. Hii nyingine ndiyo kopi mbaya, siwezi kumuuzia mtu mzima kama wewe. Hiyo nawauzia wanafunzi."

Tofauti ya hizo kopi haionekani dukani. Utaiona nyumbani siku ukitaka kubadilisha mfumo wake, maana ndani ya ganda lile lile viwandani hufungwa skrini za aina mbalimbali, kulingana na zilizopatikana. Ukiweka faili la skrini isiyo yako, kidude kinawaka taa, spika inaimba vizuri, kioo ni giza totoro. Unacheza kwa kusikiliza. Kadi inayokuja nayo ndiyo kabisa: wazoefu wa mambo haya duniani kote wana ushauri mmoja, kwamba siku ya kwanza, kabla hujakizoea, nakili kila kilichomo uhamishie kwenye kadi ya kueleweka, kwa sababu ile ya bure hufa bila kuaga.

Na boksi linajigamba. Magemu maelfu kwa maelfu! Ukifungua orodha unakuta gemu moja limeandikwa mara ya kwanza kwa Kijapani, mara ya pili kwa toleo la Marekani, mara ya tatu kwa toleo la Ulaya, na mara ya nne kwa jina la kubambikiza. Jioni yangu nzima huisha nikishuka kwenye orodha hiyo kutafuta la kucheza, na nikilipata ni lile lile la jana. Lakini sisi wa zamani hesabu hizi hazitushtui. Tumekua na Brick Game, ile ya plastiki yenye matofali meusi, iliyoandikwa kifuani "9999 in 1". Mtoto wa darasa la tano unaazimwa na mwenye nacho, unakaa chini kuyahesabu hayo magemu 9999, unakuta ni kama dazeni moja tu. Yaliyobaki ni lile lile la kwanza likienda haraka zaidi. Hakuna aliyelalamika. Tulidhani ndivyo tarakimu zinavyofanya kazi, na ukubwani, kwenye mikutano ya hadhara, tumethibitishiwa mara nyingi.

Baadaye zikaja zile mashine za kuchomeka kwenye televisheni, nakala za Famicom, ambayo Nintendo waliitoa mwaka 1983. Kaseti ya njano, ahadi nyingine juu ya kaseti, na pedi mbili, moja nzima na moja ya mgeni. Kulipata gemu ilibidi mtu mmoja ajikunje pembeni ya televisheni akizungusha kitufe cha kutafuta stesheni, na wengine wote wapige kelele: "Hapo hapo! Rudi! Umepita!" Tukapigana kwa vifaru vya Battle City, tukafia kwenye Contra, tukamfyatulia bata kwa bunduki ya plastiki. Bunduki ile haikuwa inarusha chochote, ilikuwa jicho. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panamulika mweupe. Jicho likiuona mwanga huo kwa wakati wake, umepiga. Mpango wote ulitegemea televisheni ya chogo. Hizi bapa za siku hizi huchelewesha picha kidogo, jicho halioni kitu, na bata hafi. Tumeletewa inchi hamsini ukutani, tumenyang'anywa bata.

Vijana mnaochaji kila kitu kwa waya wa simu hamjui pia habari za betri. Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa na rangi. Skrini yake ilikuwa ya kijani kilichofifia, na gizani huoni kitu. Lakini ilikula betri nne ndogo na kukaa nazo saa kumi na kadhaa. Mshindani wake, Game Gear ya Sega, alitoka mwaka 1990 akiwa na rangi na taa nyuma ya kioo, akawa anakula betri sita kwa saa chache tu. Aliyeshinda ni yule asiye na rangi: pamoja na mdogo wake wa rangi aliyemfuata, Game Boy iliuza zaidi ya milioni 118. Mtu yeyote aliyewahi kununua betri za tochi Uyole angewaambia Sega mapema, tena bure. Sisi betri hatukuzitupa. Tulizianika juani juu ya bati, zikigoma tukazing'ata mpaka zikabonyea, zikatoa dakika zake za mwisho, na tofali lililokuwa angani likafia hapo hapo angani.

Aliyeongoza kazi ya kuibuni Game Boy ni Gunpei Yokoi wa Nintendo. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1970 ikielekea mwisho alimwona kwenye treni ya kasi mtu anayetoka kazini, amechoka, anabonyezabonyeza kikokotoo cha hesabu bila hesabu yoyote, ili muda uende. Hapo ndipo akili yake ilipopata Game & Watch, vigemu vya mfukoni vya mwaka 1980 vilivyotumia vioo vya vikokotoo. Sasa huyo alikuwa kwenye treni ya Japani, safari ya saa chache, inayofika kwa dakika iliyoandikwa kwenye tiketi. Angepanda basi la Mbeya kwenda Iringa angebuni setilaiti.

Maana safari ya Iringa, ambako ndiko ukweni, ni zaidi ya kilomita 300 za mitihani. Kabla hujaiaga Mbeya unakaa kwenye foleni ya malori ya Tunduma, yamebeba mizigo ya Zambia na Kongo, na basi lenu limekwama katikati yao. Uyole mnaitafuta asubuhi nzima. Mkitoka hapo, kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya kila kibao kuna kichaka ambacho dereva hakiamini. Chimala, Igawa, Makambako, watu wanashuka kula chipsi kwa dakika ambazo kondakta huzihesabu kwa saa yake binafsi. Nyololo, Mafinga. Muda wote huo sinema inapiga kelele juu ya kichwa chako, mwanamke analia tangu Igurusi na hajasema bado kafanywa nini.

Ndani ya basi hilo mwenye kidude ni mfalme, ila ni mfalme mwenye washauri. Safari iliyopita kiti cha pili alikaa mama na mtoto wa kiume wa umri wa chekechea. Mtoto alitazama nikicheza Contra kwa utulivu mkubwa, kisha akaniambia, kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva, "Babu, huyu mtu wako anakufa sana."

Babu! Nikamweleza kwamba kuna siri. Bwana mmoja wa Konami aitwaye Kazuhisa Hashimoto, mwaka 1986, alikuwa analijaribu gemu la Gradius akaliona gumu mno, akajiwekea njia ya mkato ya vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, halafu B na A. Njia hiyo ikasahaulika ndani ya gemu, ikatoka nayo dukani, na kwenye Contra inakupa maisha 30. Nikaibonyeza mbele yake. Mtoto akahesabu maisha yangu yakipungua mpaka Makambako, akamwambia mama yake kwamba babu ameyamaliza yote.

Yokoi alikuwa na msimamo wake ambao ningeuandika mlangoni kwangu: usikimbilie kifaa kipya cha bei mbaya, chukua kile cha zamani, kilichozoeleka na kushuka bei, ukifikirie upya. Kule Japani wanaliita wazo la pekee. Nyanda za Juu Kusini tunaliita Jumamosi. Koti langu lilianza maisha Ulaya, friji letu lilistaafu kwanza Dubai, na basi linalonipeleka ukweni lina maelezo ya mlango wa dharura kwa lugha ambayo hakuna abiria aliyeisoma. Mtu aliyevikwa mitumba tangu ubatizo akipenda kompyuta yenye chipu ya zamani, ajabu iko wapi?

Ajabu, inaonekana, iko Kihesa, nyumbani kwa baba mkwe.

Nilifika, tukaamkiana kamwene kwa mikono miwili kama inavyopasa, nikapewa kiti na chai. Jioni, wazee wakisubiri taarifa ya habari, nikakitoa kidude mfukoni kwa kuiba. Baba mkwe ni mstaafu wa serikali, lakini macho hayajastaafu.

"Hicho ni nini, mkwe?"

"Kompyuta ndogo, baba."

"Inafanya kazi gani?"

"Inapumzisha."

Akanywa chai. "Inaingiza shilingi ngapi?"

"Haiingizi, baba."

"Na uliipata kwa bei gani?"

Nikataja bei ya chini kidogo, ile tunayoitumia na nyumbani. Baba mkwe akatazama dari, midomo ikachezacheza, nikajua kinachokuja. Huku kwetu shilingi ni fedha ya mpito tu. Fedha yenyewe ni mche. Ukienda Rungwe na Njombe watakupigia hesabu kwa miche ya parachichi, ukienda Mufindi watakupigia kwa mipaina, na mtu hawezi kununua hata miwani ya kusomea bila kuambiwa ingekuwa ekari ngapi. Kabla chai haijapoa, kidude changu kilikuwa shamba la Hass, limewekewa matone ya maji, limezaa, limesafirishwa Ulaya, na mimi nilikuwa mtu aliyekata shamba hilo kwa panga kwa mikono yangu mwenyewe. Mashemeji wakanitazama kwa majonzi.

Hakuna anayetaja kwamba miti nayo ina madai. Palizi, barabara za kuzuia moto, mlinzi, na mtu wa kumlinda mlinzi. Mwezi wa kumi moto wa jirani unavuka mpaka, na miaka yako yote inapanda angani kama moshi. Kidude kikizimika nakichaji.

Simlaumu sana baba mkwe. Ujana wake aliupitisha kwenye nchi yenye mashaka hayo hayo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na katazo hilo likaishi miaka mingi kabla ya kulegezwa na kuondolewa. Televisheni nayo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa wanatazama za rangi tangu miaka ya 1970. Mtu aliyefika utu uzima bila televisheni, akajenga nyumba, akasomesha watoto sita, huwezi kumwambia kwamba kuna kitu muhimu kwenye skrini ya inchi 3.5. Nikaamua kumwendea kwa njia ya siasa.

"Baba, hili gemu la matofali ni la kijamaa."

Kikombe kikasimama njiani.

Nikamweleza. Tetris ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtumishi wa taasisi ya utafiti chini ya Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 iliyokuwa haiwezi hata kuchora picha. Matofali ya kwanza aliyaunda kwa alama za mabano. Gemu likapendwa dunia nzima, Game Boy ikauzwa nalo, fedha zikapita juu kwa juu, haki zikashikwa na shirika la umma la ELORG, na Pajitnov mwenyewe hakuanza kupata mrabaha wake mpaka mwaka 1996.

"Miaka yote hiyo hakulipwa?"

"Hakulipwa, baba."

"Basi huyo ndiye mtumishi wa umma," akasema baba mkwe, kwa sauti ya mtu mwenye malimbikizo yake. Akasogeza kiti, akavaa miwani, akatazama matofali yakishuka. Mstari wa chini ukajaa, ukapotea. Akashtuka. "Umekwenda wapi?"

"Umeyeyuka, baba. Ndiyo unapewa pointi."

"Ushirika wetu nao ulikuwa hivyo hivyo," akasema. "Mnajaza, inayeyuka. Ila pointi hatukupewa."

Nikadhani nimeshinda. Akarudisha kiti mahali pake, akasema mtu akikaa hapo saa nzima angekuwa ameshachimba mashimo mangapi ya miche. Hapo mama mkwe, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akaongea bila kuinua uso.

"Na wewe ile Nokia yako ulifuta namba nane kwa kumchezesha nyoka foleni ya pensheni."

Kimya.

"Ile ilikuja na simu," akasema baba mkwe. "Sikuinunua."

Nyoka huyo, kwa taarifa yenu, aliingizwa kwenye Nokia na Mfini Taneli Armanto, kwenye simu ya 6110, mwaka 1997. Tangu hapo amekaa kwenye mifuko ya wachungaji, watendaji wa kata na mabibi harusi, na hakuna aliyemuuliza anaingiza shilingi ngapi. Nadhani ndiye nyoka pekee aliyewahi kupokelewa vizuri kwenye nyumba za walokole.

Sasa niseme langu. Kosa la kidude changu, kwa mujibu wa baba mkwe na nusu ya mtaa wangu, ni kwamba hakiingizi kitu. Kweli. Lakini nani ametazama upande wa pili wa daftari? Hakidai kitu. Nionyesheni kingine nyumbani kwangu chenye sifa hiyo. Hata paka ana madai.

Simu yangu, ambayo ni halali na ya heshima, haijawahi kupitisha siku bila kuninyooshea mkono. Asubuhi inataka bando. Mchana inataka nywila mpya, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama, isiyofanana na zile nilizozisahau. Jioni inataka kusasishwa, na kusasishwa kunakula bando la asubuhi. Inanitangazia mikopo nisiyoomba. Imenitia kwenye kundi la harusi ya mtoto wa mtu niliyesoma naye darasa la tatu, na ahadi yangu ilikwishaandikwa pale kabla sijafungua mdomo. Hata magemu yake ni ya kuomba: unacheza kidogo, tangazo, unakufa, unaambiwa ununue moyo. Halafu watu wananiambia weka kidude chini, shika simu kama mtu mzima.

R36S haina hata waifai ndani yake. Wachambuzi huiandika hiyo kwenye orodha ya kasoro. Mimi ndiyo niliyoilipia. Hakuna mtu duniani anayeweza kuniongeza kwenye kundi kupitia R36S. Hakuna katibu wa kamati anayeweza kunikumbusha salio la ahadi kupitia R36S. Nimekinunua siku moja, tukamalizana siku hiyo hiyo, na kilichomo ndani leo ndicho kitakachokuwamo kesho, kwa lugha ile ile na bei ile ile. Mfanyabiashara amechukua chake, mimi nimechukua changu, tumeachana salama. Biashara za namna hiyo zimebaki chache sana.

Jirani yangu, mzee wa kanisa ambaye jina lake namhifadhia, ndiye anayenisikitikia kuliko wote. Kila Jumamosi anajaza mkeka wa timu kumi na mbili, nyingine za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani, na kila Jumapili baada ya ibada anahuzunika kwa ajili ya kipa wa Ureno. Huo anauita uwekezaji. Anasema mimi napoteza muda. Sikatai. Lakini gemu langu likinishinda, linanishinda bure.

Shemeji yangu mmoja alikuja na hoja ya hakimiliki, na hiyo nilimheshimu, maana wenye magemu kule Japani wana haki zao na hawapendi kabisa kuona kazi zao zimemwagwa kwenye kadi za bei poa. Kuna watu leo wanatunga magemu mapya kwa mashine hizi za kale na kuyatoa bure kwa ridhaa yao, nami nimeanza kuyapenda. Ningemsikiliza zaidi shemeji kama hotuba hiyo hakuitoa huku anatazama filamu ya Kikorea aliyojaziwa kwenye flashi kwa jero, na juu yake kuna bwana anaitafsiri kwa Kiswahili, naye hajamuomba mtu ruhusa tangu filamu ianze.

Ninachokilaumia kidude chenyewe ni kimoja: hakikutengenezwa kwa ajili ya Mbeya ya Juni. Betri za lithiamu hazipendi baridi, na baridi ya huku haina aibu. Chaji inapungua ukiitazama, na vidole vinaganda mpaka unaruka sekunde moja baada ya shimo. Nimejaribu glavu, nikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, fundi bomba akarudi alikotoka. Sasa nacheza ndani ya blanketi, na mama watoto akiona blanketi linatoa mwanga na kutikisika, anaguna tu na kugeukia ukutani.

Vitufe vikichoka kuna fundi wa simu jirani na Kabwe. Kibanda chake kina upana wa mlango, na hajawahi kukiri kwamba kitu kimemshinda. Chini ya kitufe kuna kipande cha mpira chenye weusi unaopitisha umeme, na weusi huo ukilika, kitufe kinakufa. Wengine watakuambia agiza China, subiri mwezi. Fundi wangu anakata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anakigundisha pale kwenye mpira, kitufe kinafufuka kwa bei ya soda. Ndivyo zilivyofufuka rimoti zote za mkoa huu. Na ndivyo ninavyovitunza vile vidude vyangu vingine, ambavyo vinakaa kwenye boksi lililoandikwa "spea za gari". Gari tuliliuza zamani. Mama watoto hajajiuliza bado.

Aliyejiuliza ni mpwa wangu. Kijana ana stashahada ya biashara na anakaa kwetu akitafuta kazi. Nilimtuma kwa fundi na kidude kilichokufa kitufe cha kushoto, akarudi nacho kimepona, na daftari lenye mistari mkononi.

"Mjomba, nimefanya utafiti. Watoto wa shule ya msingi wakitoka wanapita pale kwa fundi. Dakika kumi, mia mbili. Tunaanza na kimoja, faida inanunua cha pili. Tukiunda kikundi tunaomba ile asilimia kumi ya halmashauri, vijana tuna nne zetu. Mwakani tuna vidude ishirini na kibanda cha bati. Wewe unakuwa mlezi."

Nikamwambia hapana, hiki ni cha kupumzikia.

"Sawa mjomba," akasema, akifunga daftari taratibu, sauti akiipandisha kidogo kuelekea jikoni. "Labda tuanze na vile vya kwenye boksi la spea."

Nikamtoa nje haraka. Nikaitazama ile hesabu yake chini ya taa ya kibaraza: mia mbili mia mbili, mchana kwa mchana, kidude changu kipo mikononi mwa watoto wa darasa la nne, kinaingiza, kinadaiwa marejesho, kina mwenyekiti na mweka hazina, kina kundi lake la simu. Starehe yangu ya mwisho isiyo na faida ilikuwa inasajiliwa mbele ya macho yangu.

Nikakohoa kama baba mkwe wa Kihesa. Nikamwambia kwamba kijana mwenye nguvu zake na stashahada yake hapaswi kushinda kwenye vigemu. Aende Tukuyu kwa babu yake, shamba lipo na mvua haijawahi kugoma kule, akapande parachichi. Hesabu ya miche nitampigia mwenyewe.